Mama wa miaka 53, saratani ya puru, na swali la kemo baada ya upasuaji

Mgonjwa ni mama wa miaka 53, mkazi wa mji mmoja wa pwani ya Tanzania, anayejipatia riziki kwa kuuza barafu na juisi kutoka kwenye friza iliyo barazani kwake. Amefika kliniki ya saratani akiwa na mwanawe wa kiume. Ni wiki ya 7 tangu afanyiwe upasuaji wa saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana kabla ya njia ya haja kubwa. Tumboni upande wa kulia ana mfuko wa ileostomi, unaopokea kinyesi kutoka utumbo mwembamba uliotolewa nje. Kidonda kimefunga, anakula, anatembea, amerudi jikoni. Yeye mwenyewe anasema amepona, na swali alilokuja nalo ni moja tu: mfuko huu utaondolewa lini? Sisi tulikuwa na maswali mengine. Je, apewe tibakemikali, yaani kemo? Ya aina gani, kwa muda gani, na je, bado tuko ndani ya muda wa kuianza?

Kisa hiki nimekiunga kutoka kwa wagonjwa zaidi ya mmoja ili asitambulike mtu. Maamuzi yaliyomo ndani yake ndiyo yanayozikabili familia nyingi, tena mara nyingi katika siku chache sana.

Historia yake tumeizoea. Alikuwa akiona damu kwenye haja kwa karibu mwaka mzima. Akaambiwa ni bawasiri, akapewa dawa ya kupaka, baadaye akatumia miti shamba. Damu ikawa inapotea na kurudi. Kinyesi kikawa chembamba, tumbo likawa linajaa gesi na kuuma, ndipo akapelekwa kupimwa kwa kamera. Uvimbe ulionekana sentimita 12 kutoka njia ya haja kubwa, umekwishaziba sehemu kubwa ya njia, na kinyama kilichochukuliwa kikaonyesha saratani. Kidole cha daktari kisingeweza kuufikia uvimbe ulio juu kiasi hicho, kwa hiyo hata angechunguzwa kwa mkono pale mwanzoni, ungeweza kupita bila kuguswa. Ndiyo maana mtu wa umri huo anayetokwa na damu kwa wiki kadhaa anastahili kamera, hata kama bawasiri anayo kweli. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

CT scan ya kifua na tumbo haikuonyesha saratani kwenye ini wala mapafu. MRI ya nyonga haikufanyika. Kwa kuwa utumbo ulikuwa unakaribia kuziba kabisa, madaktari wa upasuaji walimpasua kwanza, bila mionzi na bila kemo ya awali. Walikata sehemu yenye uvimbe, wakaunganisha ncha mbili, na juu ya kiungo wakatoa utumbo mwembamba nje kwa muda ili kiungo kipate nafasi ya kupona.

Majibu ya kinyama cha upasuaji yalichukua wiki 5 kutoka. Nimeyasoma mara mbili, kwa sababu kwa mgonjwa aliyepasuliwa kwanza hakuna karatasi yenye uzito kuliko hiyo. Uvimbe ulikuwa umepenya ukuta wote wa misuli na kuingia kwenye mafuta ya nje, ndiyo T3. Tezi za limfu zilizopatikana ni 14, na 3 kati yake zilikuwa na saratani, ndiyo N1. Ukingo wa pembeni ulikuwa safi, milimita 6 kutoka kwenye uvimbe, na mfuko wa mafuta yaliyo kandokando ya puru ulitoka mzima bila kuchanika. Hili la mwisho watu hulipita haraka, nami naona si haki. Daktari Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, alieleza mwaka 1982 kwamba saratani ya puru hurudi nyongani kwa sababu vipande vya mafuta hayo hubaki ndani, na kwamba yakitolewa yote kama pakiti moja, hurudi kwa nadra. Mikono ya daktari wa upasuaji ilikuwa imemfanyia mama huyu kazi kubwa kabla sisi hatujamwona. Idadi ya tezi nayo ina maana yake, maana zikihesabiwa chini ya 12 hatuna uhakika kama tezi ni safi kweli au hazikutafutwa vya kutosha. Hapa 14 zilitosha, na jibu likawa wazi. Ni hatua ya tatu.

Swali la kijana

Kijana alisubiri mama atoke kwenda kupimwa uzito, kisha akasema, "Daktari, mjomba wetu yuko Muscat, ametutumia utafiti unaosema kemo baada ya upasuaji wa puru haiongezi maisha. Mama amekwishateseka. Akipelekwa kwenye dripu mtaani watasema ndiyo basi tena. Kuna haja kweli?"

Lilikuwa swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa, na utafiti ule aliutoa kwenye simu akanionyesha. Si uzushi. Jaribio kubwa la Ulaya, EORTC 22921, lilichukua wagonjwa 1011 wa saratani ya puru, na walipofuatiliwa kwa miaka 10, wale waliopangiwa kemo baada ya upasuaji hawakuishi zaidi ya wale ambao hawakupangiwa. Mwaka 2015 watafiti waliunganisha takwimu za majaribio 4 ya Ulaya yenye wagonjwa 1196, wakafika karibu na hapohapo.

Lakini mjomba hakusoma ni wagonjwa gani walioingia humo. Hao wote walikuwa wamepigwa mionzi kabla ya kupasuliwa, wengi wakichanganyiwa na dawa. Mama huyu hakupata hata kimoja. Pia katika lile jaribio la watu 1011, waliopata dozi za kemo kama zilivyopangwa hawakufika nusu. Wengine hawakuianza kabisa, wengine walikomea njiani. Dawa ambayo haikunywewa haiwezi kuonyesha kazi yake, na hilo halimaanishi moja kwa moja kwamba ingenywewa ingefanya kazi. Linamaanisha tu kwamba jibu la jaribio lile lina mipaka. Tena katika ule uchambuzi wa 2015, kundi dogo lenye uvimbe kati ya sentimita 10 na 15 lilionekana kufaidika, kwa maana ya saratani kuchelewa kurudi au kutorudi. Kundi dogo ndani ya utafiti ni dalili, halijawa uthibitisho. Uvimbe wa mama ulikuwa kwenye sentimita 12.

Kwa watu waliopasuliwa bila mionzi ya awali, picha ni tofauti. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2012 ulikusanya majaribio 21 yenye wagonjwa 9785 wa saratani ya puru waliopasuliwa kwa nia ya kuponywa, wengi wao wa enzi ambayo upasuaji ulitangulia. Kemo ilipunguza hatari ya kifo kwa asilimia 17 na hatari ya saratani kurudi kwa asilimia 25. Karibu zaidi na hali ya mama huyu ni jaribio la Japani lililochapishwa mwaka 2006. Wagonjwa walikuwa wa hatua ya tatu, upasuaji mzuri, bila mionzi. Nusu walipewa vidonge vya UFT kwa mwaka mmoja, nusu hawakupewa kitu. Baada ya miaka 3, waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa asilimia 78 kwa waliokunywa vidonge na asilimia 60 kwa wasiokunywa.

Basi nilimwambia kijana kwamba utafiti wa mjomba ni wa kweli, ila unamhusu mgonjwa mwingine. Nimeona ushauri huu ukichanganywa mara nyingi, hata na watu wa afya, na unaniumiza kwa sababu matokeo yake hayaonekani leo. Mgonjwa anaondoka na furaha, anakaa mwaka mmoja na nusu bila tatizo, kisha ini linaanza kuonyesha madoa. Upasuaji umeondoa kilichoonekana. Tezi 3 zenye saratani zinatuambia kwamba seli zilikwishajua njia ya kutoka, na kemo inazifuata zile ambazo CT scan haiwezi kuziona.

Mama aliporudi tulimweleza tena kila kitu mbele ya mwanawe, kwa sababu mwili ni wake. Alisikiliza, akauliza kama nywele zitatoka. Kwa dawa hizi nywele hupungua tu, hazitoki zote kama watu wanavyodhani. Akauliza kama atapelekwa Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, akilitaja jina hilo kwa sauti ya chini. Kwa watu wengi jina hilo bado lina hofu, na hofu hiyo huwafanya wengine wasirudi tena. Tulimwambia dripu ni ya saa chache mara moja kila wiki 3, kisha anarudi nyumbani kwake na vidonge. Akakubali.

Mionzi je?

Mwaka 1990 mkutano wa wataalamu nchini Marekani ulipendekeza kwamba mgonjwa wa aina hii apewe kemo na mionzi pia baada ya upasuaji. Kwa miaka mingi ndivyo ilivyofanyika. Kisha Wajerumani wakalinganisha mionzi kabla na mionzi baada, wakatoa matokeo mwaka 2004. Saratani ilirudi nyongani kwa asilimia 6 ya waliopangiwa mionzi kabla ya upasuaji na asilimia 13 ya waliopangiwa baada yake, na madhara makali ya muda mfupi yalikuwa asilimia 27 dhidi ya 40. Muda wa kuishi haukutofautiana. Mionzi inayokuja nyuma inakuta utumbo mwembamba umeshuka nyongani na kovu likiwa na damu haba, hivyo inaumiza zaidi na kusaidia kidogo.

Uvimbe wake ulikuwa juu, ukingo safi, mafuta yametoka mazima, tezi 3 tu. Tuliamua mionzi isitumike. Laiti ungekuwa kwenye sentimita 5, au ukingo ungekuwa chini ya milimita 1, uamuzi ungegeuka. Na kama asingekuwa karibu kuziba, ningependa aonwe na timu ya saratani kabla ya kisu, apate MRI, na mpangilio wote ujadiliwe upya, kwa sababu siku hizi wagonjwa wengi wa hatua hii hupewa mionzi na kemo mwanzoni.

Dawa, na yale yaliyotangulia dawa

Tulichagua oksaliplatini kwa dripu siku ya 1, na kapesitabini ya vidonge asubuhi na jioni kwa siku 14, kisha wiki moja ya kupumzika. Huo ni mzunguko mmoja. Uzito wake kilo 58, urefu sentimita 158, eneo la mwili mita za mraba 1.6. Oksaliplatini ikawa miligramu 208, na kapesitabini vidonge 3 vya miligramu 500 asubuhi na 3 jioni, ndani ya nusu saa baada ya kula.

Kuhusu muda, miezi 3 au 6, tuliegemea utafiti wa IDEA wa mwaka 2018 uliounganisha majaribio 6 na wagonjwa 12,834. Kwa wenye T1 hadi T3 na N1 waliotumia mchanganyiko huu, miezi 3 haikuwa nyuma ya miezi 6, na usumbufu wa mishipa ya fahamu, kama ganzi ya vidole, uliomwathiri mtu katika shughuli zake ulishuka kutoka karibu asilimia 45 hadi 14. Utafiti ule ulikuwa wa utumbo mpana, puru haikuwemo. Ila uvimbe wa sentimita 12 uko mahali ambapo wataalamu wengi huutibu kama wa utumbo mpana, na kwa mtu anayeishi kwa vidole vyake, tofauti ya 45 na 14 ni kubwa mno kuipuuza. Tukapanga mizunguko 4.

Muda nao ulikuwa unatubana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, wenye wagonjwa zaidi ya 15,000 wa utumbo mpana na puru, ulionyesha kwamba kila wiki 4 za kuchelewa kuanza kemo ziliambatana na ongezeko la asilimia 14 la hatari ya kifo. Lengo letu ni kuanza kabla wiki ya 8 haijaisha. Wiki 5 za kusubiri majibu ya kinyama zilikuwa zimekula karibu nafasi yote. Familia iliomba mwezi mmoja wa kujipanga, tukawapa siku 4.

Katika siku hizo tulifungua mfuko wake wa dawa juu ya meza. Alikuwa bado anameza vidonge vya kuongeza damu alivyopewa siku ya kuruhusiwa, vile vyenye madini ya chuma pamoja na foliki asidi. Karibu kila anayepasuliwa huku anatoka navyo, na hakuna anayevihesabu kama dawa. Foliki asidi huzidisha sumu ya kapesitabini, inaweza kugeuza kuharisha kwa kawaida kuwa kwa hatari. Tulimbadilishia tukampa chuma peke yake. Hakuwa anatumia warfarini, ambayo pia hugombana na kapesitabini, wala hakuwa na maumivu ya kifua.

Kuna watu ambao mwili wao hauwezi kuivunja kapesitabini kwa sababu ya upungufu wa kimeng'enya kiitwacho DPD. Ulaya hupima vinasaba kabla ya kuanza, lakini vipimo vingi vya kule vinatafuta mabadiliko manne yaliyozoeleka kwa Wazungu. Kwa watu wenye asili ya Afrika kuna badiliko jingine, Y186C, linalobebwa na takriban watu 3 hadi 5 kwa kila 100, na kipimo cha namna hiyo huwa hakilioni. Hatukuwa na kipimo chochote. Tulichokuwa nacho ni kumfuatilia kwa karibu katika mzunguko wa kwanza, tukimwuliza vidonda vya mdomo, kuharisha na homa, kwa sababu mwenye upungufu huo huumia mapema.

Mzunguko wa kwanza

Siku ya pili baada ya dripu aliingiza mkono kwenye friza kutoa barafu, akahisi kama amegusa waya wa umeme. Alikuwa ameambiwa aepuke baridi, kwa sababu oksaliplatini huifanya iume, lakini aliyemwambia alitaja maji ya friji, hakutaja kazi yake. Tangu hapo mjukuu akawa ndiye anayetoa barafu, na yeye akawa anapokea pesa. Maji alikunywa ya uvuguvugu.

Baridi haikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuja siku ya 9. Mfuko ulianza kujaa maji matupu, akawa anaumwaga kila saa, na akawa anaona kizunguzungu akisimama. Alifanya ambalo mtu yeyote mwenye kiu angefanya, alikunywa maji mengi na madafu. Kwa mwenye ileostomi hilo huongeza hasara. Utumbo mwembamba unapoteza chumvi, na maji matupu yakiingia yanaivuta chumvi zaidi na kutoka nayo. Madafu yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, hayawezi kuziba pengo. Kinachotakiwa ni ORS, uji uliotiwa chumvi, na loperamaidi, dawa ya kupunguza kuharisha, nusu saa kabla ya chakula.

Vidonge vya kemo aliendelea kumeza siku mbili zaidi. Alisema hakutaka kukosa dozi baada ya kuambiwa zilivyo muhimu. Nalirudia hili kwa kila familia sasa, nikiwaangalia usoni: kuharisha kunakozidi kawaida, vidonda mdomoni vinavyozuia kula, au homa ya nyuzi 38, acha vidonge siku hiyohiyo kisha piga simu. Kuviacha kwa siku chache hakuharibu tiba. Kuvimeza mwili ukiwa umekauka kunaweza kuua, kwa sababu figo zikilegea dawa inabaki mwilini.

Kriatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ilikuwa imepanda kutoka 78 hadi 131. Alilazwa, akapewa dripu za chumvi, mfuko ukapimwa kwa jagi kila zamu. Ulikuwa ukitoa zaidi ya lita 2 kwa siku, wakati tunataka usizidi lita moja na nusu. Siku ya 4 kriatinini ilishuka hadi 84. Chembe nyeupe hazikuporomoka na mdomo haukuwa na vidonda, kwa hiyo upungufu wa DPD haukuwa dhana ya kwanza. Mzunguko wa pili ulisogezwa wiki moja na kapesitabini ikapunguzwa hadi robo tatu: vidonge 2 vya 500 na kimoja cha 150, asubuhi na jioni. Kijana alinunua jagi lenye alama, akaanza kuandika daftarini kilichoingia na kilichotoka. Daftari lile lilitusaidia kuliko vipimo kadhaa tulivyoagiza.

Mizunguko ya 2 na 3 ilipita bila kulazwa. Viganja vilibabuka kidogo, akapaka mafuta mazito na kuacha kufua kwa mkono. Kabla ya mzunguko wa 4 tulimpa kifuko cha barafu kitupu tukamwomba akifunge fundo kama afanyavyo siku zote. Alifunga, ila polepole, akikitazama kwa macho kwa kuwa vidole havikumwambia uzi wa fundo uko wapi. Ganzi haikuwa ikiondoka tena kati ya dripu na dripu. Tukashusha oksaliplatini kutoka miligramu 130 hadi 100 kwa mita ya mraba, tukamwonya kwamba ganzi inaweza kuongezeka kwa miezi kadhaa hata baada ya dawa kwisha kabla haijaanza kupungua. Akamaliza.

CT scan baada ya hapo ilikuwa safi, na CEA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, ilikuwa ya kawaida. Kiungo cha utumbo kilipimwa, hakikuvuja, na ileostomi ikafungwa. Choo kimemsumbua tangu hapo, anakwenda mara nyingi kwa siku na wakati mwingine haja haisubiri. Hali hiyo ni ya kawaida baada ya sehemu ya puru kukatwa, na ingefaa aambiwe mapema zaidi. Anapimwa CEA kila miezi 3 kwa miaka 2 ya kwanza, kamera itarudiwa mwaka mmoja baada ya upasuaji, na CT scan kila mwaka. Mwanawe ana miaka 31. Tumemwandikia kwenye daftari lilelile kwamba yeye na ndugu zake waanze kupimwa kwa kamera wakifikisha miaka 40, au siku yoyote kabla ya hapo wakiona damu.